Sura ya Saba: Fanta Moja, Mrija Mmoja

Mji wa Rumonge una mambo matatu ya kuutukuza: mawese yake, samaki wake waitwao mikeke na ulimi wake. Mawese husafiri kwa lori, mikeke husafiri juu ya barafu, lakini ulimi hausubiri usafiri. Ndiyo maana Nour binti Hassani, alipofungua duka la vitenge la baba yake asubuhi ile, moyo mweupe na uso safi, hakujua kwamba jina lake limeshaharibika.

Mteja wa kwanza, mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alishika kitenge cha kijani bila kukitazama. Alikuwa anatazama midomo ya Nour.

"Amahoro, mama. Nikukatie?"

"Amahoro, mutoto wangu. Hapana. Nilikuja tu kukuona."

Akaondoka. Wa pili naye alitazama midomo, akabana kicheko, akauliza kama hapo wanauza mirija.

"Mirija? Hapa ni vitenge, dada."

"Aa, pole. Nilisikia uko nao mumoja."

Nour alijipangusa midomo kwa kiganja, akidhani amebakiwa na uji. Alikuwa bado anajipangusa Joanita alipoingia kwa kasi, simu mkononi, uso wake kama wa mtu aliyeokota dhahabu na hajui kama ni halali kuichukua.

Joanita alikuwa rafiki yake tangu shule, na kazi yake ilikuwa kupiga video za chakula kando ya ziwa, kutoka Kabezi mpaka Kabonga. Mafunzo yake marefu ya mapishi hayakuwa na mtazamaji ila mama yake. Kwa hiyo alijifunza kukata vipande vifupi na kuvirusha mtandaoni. Kipande, alipenda kusema, ni kama harufu ya samaki: hakishibishi mtu, lakini kinamvuta mpaka jikoni.

"Nour, kwanza niapie kwamba hutakasirika."

"Sijui hata nakasirikia nini."

"Vizuri. Baki hivyohivyo." Akampa simu.

Palikuwa na mukeke juu ya makaa, mafuta yakidondoka, ndimu ikikamuliwa kwa madaha. Na nyuma ya mukeke, chini ya mwavuli, kwa muda mfupi kuliko chafya, walikuwapo watu wawili. Mmoja alikuwa Nour. Wa pili alikuwa Zakaria, fundi wa injini za mitumbwi, kijana ambaye mikono yake haikuwahi kutakata oili na macho yake hayakuwahi kumwacha Nour. Kati yao chupa ya Fanta sitroni. Ndani ya chupa, mrija mmoja. Nour akanywa, akacheka, akasukuma chupa. Zakaria akainama, akanywa. Kwa mrija uleule.

Nour aliirudia tangu mwanzo, asione tena samaki.

Mahali pengine duniani jambo hilo ni la kiu tu. Kwenye pwani hii ni la wazee. Watu watakopeshana jembe, kitanda hata jino la bandia, lakini mrija ni wa mtu na mdomo wake. Wanaokunywa kwa mrija mmoja ni wale waliokwisha kufungishwa ndoa mbele ya ukoo. Na Zakaria alikuwa bado hajaombewa hata irembo, yaani ile siku ya kwanza wazee wanapokuja kuomba mlango wa nyumba ya binti ufunguliwe. Siku yenyewe ilipangwa iwe Jumamosi.

"Soma walichoandika chini," Joanita alisema kwa sauti ya msibani, ingawa macho yalikuwa ya harusini.

*Mukeke mzuri. Hao wa nyuma harusi lini?*

*Nilikuja kwa samaki, nimebaki kwa mrija.*

Na mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa: *Huyo si binti wa Hassani wa vitenge?*

"Futa, Joanita! Futa sasa hivi!"

"Nikifuta, zitabaki zile walizonakili, ambazo zimewekwa muziki. Yangu angalau iko na samaki." Akashusha sauti. "Lakini Nour, watu hawakujua hata kama niko duniani. Sasa wanafungua video zangu zote, mpaka lile somo refu la maharage, wanatafuta kama muko tena mahali pengine. Mrija wako umeniletea dunia nzima!"

Nour alitafuta kitu cha kumpiga nacho, akakosa kizito kuliko kitenge. Alipoinua macho, Zakaria alikuwa amesimama mlangoni. Hakuingia. Sasa mtaa mzima ulikuwa una kazi moja tu, nayo ilikuwa kuhesabu hatua kati yao.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona."

"Ni kosa langu. Mrija wako ulipoanguka kwenye mchanga, ningekwenda kukuletea mwingine."

"Kwa nini hukwenda?"

Zakaria alitazama mikono yake yenye oili, kisha akamtazama yeye. "Sikutaka kuondoka mezani."

Kama kuna binti aliyewahi kuangamizwa na maneno matatu, na akayafurahia maangamizi yake, basi ni Nour asubuhi ile. Aligeuka upande wa vitenge ili asionekane.

"Nimempigia Baba mdogo Mustafa," Zakaria aliendelea. "Iko njiani kutoka Kabonga. Hatutangoja Jumamosi. Tunakuja leo, kabla Papa yako hajasikia."

Joanita alikohoa. "Papa yake iko anakuja pale. Na amevua kofia."

*

Mzee Hassani hakuwahi kufunga duka mchana, hata siku ya mvua ya mawe. Siku hiyo alilifunga. Alitembea na binti yake mpaka nyumbani pasipo neno, akaketi sebuleni, akamwita dada yake.

Shangazi Sikujua aliingia akiwa amenyooka kama jora la kitambaa. Ndiye aliyemlea Nour tangu mama yake alipofariki. Mjane wa siku nyingi, mwalimu wa adabu wa mtaa mzima, mwanamke ambaye wasichana walipomwona kwa mbali walianza kujifunga vilemba upya. Kila Alhamisi alikwenda Muhuta kumtazama rafiki yake mgonjwa. Siku nyingine zote aliwatazama walio wazima, akiwatafutia kasoro.

"Nour," alisema Mzee Hassani. "Naambiwa iko video. Imeonekana Uvira, imeonekana Kigoma. Mimi wa hapahapa ndiye sijaiona. Nionyeshe."

Nour aliiweka mbele yake. Mukeke ukadondosha mafuta. Ndimu ikakamuliwa. Chupa ikasukumwa.

Mzee Hassani alishika ukingo wa kiti. "Rudia."

Akarudia.

"Huyu samaki ni wa nini?"

"Ndiyo video yenyewe, Papa. Ni ya samaki."

"Basi nyinyi mulifuata nini kwenye video ya samaki?"

Shangazi hakuliachia jibu nafasi. "Watu wa Kabonga! Nilisema mimi! Hawana subira watu wale. Kijana amelelewa na Mustafa, unatazamia nini? Mrija! Hadharani! Mimi na marehemu mume wangu, mpaka siku ya kuzikwa kwake, kila mutu alikuwa na wake! Nilikulea mimi, Nour, mikono hii! Leo nitapita sokoni na uso gani?"

"Tanti, mrija wangu ulianguka..."

"Na adabu yako ikaanguka nayo!"

Maneno yalimwingia Nour kama mchanga machoni. Alitazamia baba akasirike. Hakutazamia Shangazi apigane kana kwamba nyumba inaungua.

Mzee Hassani aliinua mkono. "Basi. Wakija hao, irembo limefungwa. Na wewe utavuka uende Uvira kwa mjomba wako, mpaka watu wasahau."

"Papa!"

"Nimemaliza."

Uvira huonekana kutoka ufukweni siku za anga safi, milima yake ya buluu ikikaa pale kama picha ukutani. Nour hakuwahi kujua kwamba unaweza kuiogopa picha.

"Rudia mara ya mwisho," baba alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Labda si wewe."

Nour akaibonyeza. Mukeke, ndimu, chupa. Kipande kikaisha, na Nour akaivuta simu upande wake. Na kwa kuwa simu haijui matanga wala heshima, kipande kingine cha Joanita kikapanda chenyewe kuchukua nafasi yake.

Kilikuwa cha sombe, yaani kisamvu. Chungu kinatokota, mawese mekundu yanamiminwa. Maandishi yalisema Muhuta. Na nyuma ya chungu, juu ya benchi, alikaa mwanamke aliyevaa kitenge cha zambarau chenye ndege. Nour alikijua kitenge hicho. Alikishona yeye mwenyewe kwa ajili ya Idi ya Shangazi, na kitambaa chake kilitoa vazi moja tu. Mbele ya mwanamke huyo aliketi mwanamume mpana mwenye ndevu nyeupe: Mzee Mustafa wa Kabonga, muunda mitumbwi, baba mdogo wa Zakaria, ndiye yuleyule wa "unatazamia nini". Katikati yao palikuwa na chupa. Ndani ya chupa...

Mrija mmoja.

Mgonjwa wa Muhuta alionekana mzima kabisa, tena mwenye kiu. Alikunywa, akampa Shangazi, Shangazi akanywa. Kisha Shangazi Sikujua, jora la kitambaa, hofu ya wasichana, akarusha kichwa nyuma akacheka. Kicheko kikatoka kwenye simu kikajaa sebule: kikubwa, cha kukwaruza, cha msichana aliyepanda mti wa watu.

"Nani huyo anacheka?" aliuliza Mzee Hassani.

Hakukitambua. Dada yake hakuwahi kukicheka nyumbani.

Lakini Shangazi alikitambua. Alimtazama Nour, Nour akamtazama, na katika mtazamo huo kila kitu kilisemwa. Kugeuza simu tu kuelekea kwa baba kungetosha. Safari ya Uvira ingekufa hapohapo, na mshtaki angekaa kwenye kiti cha mshtakiwa. Hata malaika, kwa siku mbaya, angegeuza.

"Nauliza, nani huyo?"

Nour aliibana simu kifuani, akaizima. "Ni sombe, Papa."

"Sombe inacheka?"

"Ni tangazo la sombe. Na sasa chaji imekwisha. Niende nichemshe maji."

*

Shangazi alimfuata jikoni. Alifunga mlango, akakaa kwenye kistuli kama mtu aliyeshushwa mzigo vibaya.

"Ile ya Muhuta?"

"Ego, Tanti."

"Mrija unaonekana?"

"Unaonekana sana."

Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kilemba. "Kwa nini hukumwonyesha? Nimekutukana mbele yake mpaka nimekauka koo."

Nour alitaka kusema jambo la busara kubwa. Likaja dogo. "Mama alipokufa, wewe ndiye ulinilalisha mgongoni kwako. Siwezi kukuvua nguo mbele ya Papa ili mimi nivae."

Hapo Shangazi akalia, na lilikuwa jambo la kutisha kulitazama, kama kuona ukuta unalia.

"Mustafa ananiomba siku nyingi nimruhusu aje kwa Hassani," alisema. "Nikawa namwambia ngoja kwanza, ngoja Nour aolewe, nikiondoka mutoto atabaki na nani? Halafu wewe, katika vijana wote wa ziwa hili, ukamchagua wa kwake! Unajua maana yake? Mukioana, Mustafa anakuwa mkwe wetu. Mkwe! Mkwe unamwamkia kwa mbali. Mkwe huli mbele yake. Ningekunywa naye vipi tena?"

Nour aliduwaa, kijiko mkononi. "Ndiyo maana ulikuwa unapiga kelele vile?"

"Nilikuwa napigania mrija wangu kwa kuvunja wako." Shangazi akajifuta macho. "Nisamehe, mutoto wangu. Uoga hauna umri."

Kabla Nour hajajibu, sauti nene ilisikika uani.

"Hodi! Wenyewe muko?"

Shangazi alisimama kama aliyechomwa. Sauti ile aliijua zaidi ya adhana.

*

Nour alijificha nyuma ya pazia la sebuleni, mahali ambapo mabinti wote waliowahi kuombwa wamesimama. Kwenye tundu la pazia alimwona Mzee Mustafa, kanzu imepigwa pasi, na pembeni yake Zakaria. Mikono yake ilikuwa imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu. Desturi inamtaka mchumba akae kimya kama mzigo ulioletwa, na Zakaria alikaa. Lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tundu la pazia, yakabaki hapo. Nour aliweka kiganja juu ya kitambaa, kana kwamba kitambaa ni shavu.

"Mzee Hassani," Mustafa alianza, kwa ule mzunguko wa heshima, maana hakuna muungwana anayetaja binti kwa jina siku ya irembo. "Tulikuwa tunapita. Tukaona katika kiwanja chako mche wa mchikichi umeota vizuri, majani yanang'aa. Sisi Kabonga tuko na shamba, tuko na maji. Mche ndio hatuna."

Mzee Hassani hakusita. "Mche huo ulitikiswa kabla hamjabisha hodi. Ziwa zima limeona mizizi. Kiwanja kimefungwa. Murakoze, asanteni."

Zakaria alifungua mdomo. Mustafa akamshika goti.

"Mzee, vijana walikosea..."

"Kimefungwa, ndugu yangu. Kama ni chai, mutakunywa. Kama ni mche, hapana."

Mustafa aliinuka polepole, kama mtumbwi unaotolewa kwenye matope. Zakaria aliinuka pia, na mtazamo alioutupia pazia lile ulikuwa wa mtu anayeacha kiungo cha mwili wake chumbani. Nour aliuma ncha ya pazia ili asipige kelele.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka.

Shangazi Sikujua alikuwa amevaa kitenge cha zambarau chenye ndege. Alikuwa amebeba sinia, na kwenye sinia kulikuwa na Fanta sitroni moja, yenye mrija mmoja. Alipita katikati ya sebule, akaiweka mbele ya Mustafa.

"Kaa, Mzee Mustafa. Umetoka mbali. Kunywa."

Mustafa aliutazama mrija kama mtu anayetazama nyoka ambaye amemfuga mwenyewe. Akamtazama Shangazi. Hakuna anayejua waliambiana nini kwa macho, lakini akakaa, akainama, akanywa.

Shangazi akachukua chupa mkononi mwake. Mbele ya kaka yake, mbele ya kijana wa watu, mbele ya pazia, akaweka mdomo kwenye mrija uleule, akanywa mpaka chupa ikaanza kukoroma.

Mzee Hassani alifungua mdomo. Akaufunga, akaufungua tena, kama mukeke aliyetupwa mtumbwini.

"Kaka," Shangazi alisema. "Kama mrija unafunga irembo, anza kulifunga juu yangu. Kosa langu ni kubwa kuliko la mutoto, na ni la zamani. Iko kwenye telefone. Nour aliliona, akakuficha ili anifunike mimi. Usimpeleke Uvira mutoto wa namna hii. Nipeleke mimi."

Kisha, kwa hofu, kwa aibu, au kwa sababu ndugu yake alikuwa bado amepanua mdomo, akacheka. Kicheko kikubwa, cha kukwaruza.

Mzee Hassani alishtuka kuliko alivyoshtuka siku nzima.

"Ni wewe," alisema. "Ile sombe ni wewe."

"Ni mimi."

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, na kitu fulani usoni mwake kikaanza kulegea. "Ulikuwa unacheka hivyo tulipokuwa watoto, tukianika ndagala. Mama alikuwa anakurushia kandambili. Nilidhani kicheko hicho kilizikwa pamoja na mume wako."

"Nilikuwa nakipeleka Muhuta," Shangazi alijibu kwa sauti ndogo.

Nje mtu alikuwa anatangaza ndizi. Nyuma ya pazia Nour alikuwa analia bila sauti, na hakujua anamlilia nani kati yao.

Hatimaye Mzee Hassani alivaa kofia yake, akainyoosha, akamgeukia mgeni kwa ukali wote uliobaki. Haukuwa mwingi.

"Mzee Mustafa. Ulikuja kuomba mche mumoja."

"Ndiyo, Mzee."

"Kumbe uko unataka kuondoka na kiwanja kizima."

"Niliogopa kuomba miwili kwa siku moja, Mzee."

"Na nikikubali, wewe utakuwa mkwe wangu, au shemeji yangu? Nikuheshimu kutoka upande gani?"

"Chagua wewe, Mzee. Mimi nitakaa upande huo."

Zakaria, aliyekatazwa kusema, akacheka. Alijaribu kukifanya kikohozi. Hakuna aliyedanganyika.

"Nour!" Mzee Hassani aliita. "Toka nyuma ya pazia, limelowa. Njoo."

Nour alitoka. Zakaria akasimama. Kati yao palikuwa na meza ndogo, chupa tupu na wazee watatu, na bado Nour alihisi joto la macho ya kijana usoni kama makaa ya Joanita.

"Nenda ulete Fanta," baba alisema. Nour alikuwa amekwisha kufika mlangoni alipoitwa tena. "Na mirija, leta mingi! Katika nyumba hii, mpaka shehe aje, kila mutu atakunywa kwa wake!"